Salamu za Kuvuta Pumzi

Jioni, kwenye barabara inayoingia mtaa wa Rhonda, magharibi mwa jiji la Nakuru, kuna bibi anayetembea kwa vituo. Anashuka kwenye matatu na mfuko mwepesi wa sukuma wiki, anapiga hatua thelathini, kisha anasimama kwenye kibanda cha makaa kumsalimu mwenye kibanda. Salamu ni ndefu. Anaulizia watoto, anaulizia ushago, anaulizia mvua. Anapiga hatua nyingine thelathini na kupata mtu mwingine wa kusalimu. Majirani humsifu kwa utu wake. Ni wachache wanaoona kwamba kila anaposimama mabega yake yanapanda na kushuka, na kwamba amekaza midomo kama mtu anayepuliza uji wa moto.

Bibi huyo hatajwi jina hapa kwa sababu ni wengi. Wamo Kaptembwo, wamo Ponda Mali, wamo Njoro na Molo. Wakiulizwa wana majibu tayari. Ni uzee. Ni baridi ya Julai, kwa kuwa Nakuru iko juu, takriban mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Ni vumbi, na jina la Nakuru lenyewe huhusishwa na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi. Kila jibu lina ukweli ndani yake, na hapo ndipo ugonjwa unapopata maficho. Palipo na sababu nyingi hivyo, hakuna anayeona haja ya kupima.

Ugonjwa wenyewe, kwa lugha ya wazi, ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kwenye kadi ya hospitali huandikwa kwa herufi nne tu, COPD, na wengi hurudi nyumbani nazo bila kuambiwa maana yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 uliua watu milioni 3.5, ukawa wa nne miongoni mwa vyanzo vya vifo duniani. Kati ya wanaokufa kwa ugonjwa huu kabla ya kutimiza miaka 70, takriban tisa katika kila kumi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo si ugonjwa wa wazungu wavuta sigara, ingawa ndivyo vitabu vingi vya tiba vilivyouchora kwa miaka mingi.

Ndani ya kifua, njia za hewa hugawanyika kama matawi ya mti, kutoka koo la hewa hadi vijitawi vyembamba kama uzi, na mwisho wa kila kijitawi kuna vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Moshi ukipita humo mwaka baada ya mwaka, kuta za vijitawi huvimba, hutoa makohozi mengi, kisha huwa na makovu. Vifuko navyo hupoteza mnyumbuko wake, mithili ya raba ya sketi iliyofuliwa mara mia. Kinachoshangaza ni kwamba taabu kubwa ya mgonjwa si kuvuta hewa bali kuitoa. Pumzi ya zamani haijatoka yote, ya mpya inataka kuingia, na kifua kinabaki kimejaa. Ndiyo maana bibi anakaza midomo: akitoa hewa polepole kupitia tundu dogo, zile njia dhaifu hazifungi haraka. Mwili wake umegundua mbinu hiyo bila kufundishwa.

Moshi huo ulitoka wapi? Wanaume wengi wa umri wake walivuta sigara, za dukani au za kusokota. Tumbaku bado ndiyo mshukiwa wa kwanza, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilikuja wakati wao walikuwa tayari wamevuta miaka thelathini. Lakini bibi mwenyewe huenda hajawahi kuweka sigara mdomoni. Alilelewa penye mafiga matatu. Alipika kwa kuni ushago, kisha alipohamia mjini akapika kwa makaa na mafuta taa katika chumba kimoja cha mabati, ambacho ndicho jikoni, ndicho sebule, ndicho chumba cha kulala. Usiku aliwasha koroboi watoto wasome. Katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, tumbaku huchangia asilimia 30 hadi 40 hivi ya ugonjwa huu, na moshi wa nyumbani ni miongoni mwa visababishi vikubwa vinavyobaki.

Ushahidi wa karibu haukosekani. Miaka ya mwisho ya 1990, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia kaya 55 katika shamba la Mpala, Laikipia, kaunti inayopakana na Nakuru. Hawakuridhika na kupima wastani wa moshi katika nyumba. Walitazama nani yuko wapi na kwa muda gani, wakaona kwamba anayepika humeza sehemu kubwa ya moshi wake katika nyakati fupi za kuinama karibu na moto: anapouwasha, anapoongeza kuni, anapokoroga. Matokeo yao yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2001. Aliyewahi kusonga ugali wa watu wanane hahitaji jarida kumweleza maana ya kuinama huko.

Kisha kuna Masindi, nchini Uganda. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na daktari Frederik van Gemert lilitangaza matokeo ya kupima mapafu ya watu wazima wa huko wenye umri wa zaidi ya miaka 30. Waliokutwa na ugonjwa huu walikuwa asilimia 16.2, na wanawake walikuwa nao sawa na wanaume, pengine zaidi kidogo. Karibu wote walikuwa wakiishi na moshi wa kuni. Lililotisha zaidi ni umri wao, kwani sehemu kubwa ya wagonjwa hao hawakuwa wametimiza hata miaka 40. Anayesimama njiani akiwa na miaka 68 alianza kuumia siku nyingi mno kabla ya kuanza kusimama.

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya nchini hupika hasa kwa kuni, na takriban robo tu hutumia gesi. Mjini gesi imeenea zaidi, na ule mtungi wa kilo sita unajulikana Rhonda kama unavyojulikana kwingineko. Ila mjini pia kuna moshi usiotoka jikoni mwa mtu: takataka zinazochomwa nyuma ya ploti, jaa la Gioto likishika moto, magari barabarani. Na wapo wazee waliokula vumbi kazini, kwenye machimbo ya mawe, kwenye posho mili, au kwenye migodi ya diatomaiti ya Kariandusi karibu na Gilgil. Swali la kazi aliyoifanya mgonjwa ujanani huulizwa mara chache kuliko inavyostahili.

Mzee wa namna hii akifika kliniki, mara nyingi hupewa jina lisilo lake. La kwanza ni pumu. Pumu kwa kawaida huanza utotoni au ujanani, huja na kuondoka, na katikati ya mashambulizi mtu huwa mzima kabisa. Ugonjwa huu hauondoki. Huongezeka polepole kiasi kwamba mgonjwa hupunguza mambo bila kujijua: anaacha kupanda mlima wa kanisa, anaacha kuchota maji, anaacha kujipaka mafuta miguuni kwa kuwa kuinama kunamkata pumzi.

La pili ni kifua kikuu. Hapa ni lazima kuwa mwangalifu, maana TB ipo kwelikweli. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikadiria wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000, na wazee hawakusalimika. Mzee mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku au mwili unaopungua apimwe makohozi kwanza, kwa mashine ya GeneXpert kama ipo, na dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali. Shida huja pale vipimo vinaposema hakuna TB na mgonjwa akaendelea kukohoa. Wapo wanaoanzishiwa dawa za TB mara ya pili na ya tatu kwa sababu picha ya eksirei ina makovu. Makovu hayo yanaweza kuwa ya TB iliyopona zamani, ambayo nayo huacha njia za hewa zimeziba. TB ya mwaka 1985 inaweza kabisa kuwa chanzo cha kuhema kwa leo, na dawa ya wadudu waliokwisha kufa haitamsaidia mtu kupumua.

La tatu ni moyo. Moyo uliochoka hukata pumzi, huvimbisha miguu na kumfanya mzee alale kwa mito mitatu. Magonjwa haya mawili hukaa katika kifua kimoja mara nyingi sana, na daktari mzuri hachagui moja kwa kubahatisha. Huulizia pia dawa nyingine. Matone ya timololo yanayotiwa machoni kwa ajili ya presha ya macho yanaweza kupenya mwilini na kubana njia za hewa. Nani angedhani tone la jicho linaweza kumkosesha mtu pumzi? Ndiyo maana mzee anapokwenda kliniki inafaa abebe dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile alizopewa na jirani.

Kipimo kinachokata shauri ni cha kupuliza tu. Mashine yake huitwa spirometa, na babu yake ilibuniwa na daktari John Hutchinson mjini London katika miaka ya 1840. Yeye alitumia pipa la maji na kuwapima watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia, askari na wachapaji. Ya leo hutosha mkononi. Mgonjwa huketi wima, pua hubanwa kwa kibanio, midomo hufunga vizuri kwenye bomba. Kisha muuguzi hugeuka kuwa kocha: "Shosho, vuta, vuta, jaza kabisa! Sasa puliza! Endelea, endelea, usiache!" Bibi hupuliza kwa nguvu zake zote, na huendelea kupuliza kwa sekunde sita au zaidi hadi hewa iishe. Hupumzika. Hurudia hadi zipatikane pumzi tatu nzuri zinazofanana.

Mashine husoma mambo mawili: hewa yote aliyoitoa, na kiasi alichotoa katika sekunde ya kwanza. Mtu mwenye njia zilizo wazi hutoa sehemu kubwa ndani ya sekunde hiyo moja. Mgonjwa hupewa dawa ya kufungua njia, salbutamoli, husubiri kama robo saa, kisha hupuliza tena. Ikiwa hata baada ya dawa sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya hewa yote, njia zimeziba na haziko tayari kufunguka zote. Kwa dalili zake, kwa historia ya moshi na kwa namba hiyo, ugonjwa umepata jina lake.

Kwa wazee namba hiyo inahitaji busara. Mapafu hufikia kilele mtu akiwa na miaka ishirini na ushei, kisha hata mtu mzima wa afya hupoteza mililita 25 hadi 30 hivi za pumzi ya sekunde ya kwanza kila mwaka. Mzee wa miaka 80 asiye na ugonjwa wowote anaweza kuanguka chini kidogo ya asilimia 70 kwa umri wake tu, ndiyo maana wataalamu wengine hutazama kiwango kinacholingana na umri badala ya mstari mmoja kwa wote. Kwa upande mwingine, mzee aliyechoka anaweza kuacha kupuliza mapema, mashine ikamwona mzima kumbe bado alikuwa na hewa kifuani. Aliye na meno bandia na ayaache mdomoni ili midomo ishike bomba. Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni, au aliyepata mshtuko wa moyo, asubiri kwanza, na anayeshukiwa kuwa na TB apimwe makohozi kabla ya kupuliza.

Tatizo ni kwamba spirometa hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, na watu wanaojua kuitumia vizuri ni wachache. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita mlango kwa mlango wamekuwa wakibeba mashine za presha na za sukari tangu mwaka 2023. Swali moja tu la nyongeza lingewasaidia wazee wa Rhonda: je, ukitembea na mwenzako wa umri wako mahali tambarare, unaachwa nyuma? Anayejibu ndiyo anastahili kupelekwa kupimwa.

Je, kuna tiba? Hakuna dawa ya kurudisha vifuko vilivyoharibika. Yapo, hata hivyo, mengi ya kufanya, na kusema "hakuna kitu" ni kumdhulumu mgonjwa. La kwanza ni kuondoa moshi. Anayeacha sigara akiwa na miaka 60 hapati mapafu mapya, lakini kasi ya kuporomoka hupungua karibu na ile ya mtu asiyevuta.

Dawa zenyewe huvutwa, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Inhela ya salbutamoli hufungua njia kwa saa chache; zipo nyingine, kama tiotropiamu, zinazofanya kazi siku nzima, na Shirika la Afya Duniani liliiweka tiotropiamu katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Inhela zenye steroidi huwafaa baadhi ya wagonjwa, hasa wanaozidiwa mara kwa mara, lakini huongeza hatari ya nimonia, hivyo si za kila mtu. Vidonge vya theofilini ni vya bei nafuu na wazee wengi wamevizoea. Tofauti kati ya kipimo kinachosaidia na kinachodhuru ni ndogo, moyo unaweza kwenda mbio, na viuavijasumu kama siprofloksasini huvipandisha katika damu. Kununua vidonge hivyo dukani bila ushauri, kisha kuongeza kimoja kwa sababu usiku ulikuwa mbaya, ni hatari kweli.

Sasa mtazame mzee mwenye vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi. Anabonyeza inhela, pumzi inakuja baadaye, dawa inaishia kwenye ulimi. Anasema haisaidii, na ni kweli haikumsaidia kwa kuwa haikufika. Dawa ya tatizo hili ni chombo cha katikati kinachoshika ule mvuke ili auvute kwa utulivu. Si lazima kinunuliwe. Mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha, kwa watoto wenye pumu, kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita hufanya kazi sawa na chombo cha dukani. Kitako cha chupa hutobolewa tundu linalolingana kabisa na mdomo wa inhela, mzee huweka shingo ya chupa kinywani, hubonyeza mara moja na kuvuta pumzi nne au tano za kawaida. Chupa huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa.

Oksijeni nayo ina kanuni zake. Familia nyingi huamini ikiwa nyingi ndiyo bora. Jaribio lililofanyika Tasmania, Australia, na kuchapishwa mwaka 2010 lilionyesha kwamba wagonjwa waliozidiwa waliopewa oksijeni kwa kipimo, oksijeni ya damu yao ikiwekwa kati ya asilimia 88 na 92 kwenye oksimita, walikufa wachache zaidi kuliko waliofunguliwa mtungi wote. Kwa mgonjwa wa ugonjwa huu, 90 si namba ya kuogofya. Na nyumba yenye mashine ya oksijeni haiwezi kuwa na jiko linalowaka chumba hichohicho, jambo ambalo katika chumba kimoja cha mabati si rahisi kama linavyosikika.

Kisha yapo mambo yasiyo ya duka la dawa. Chanjo ya homa ya mafua kila mwaka, na ya nimonia, hupunguza yale mazidio yanayompeleka mzee hospitalini. Makohozi yakibadilika rangi na kuongezeka, au pumzi ikikata ghafla kuliko kawaida, asisubiri asubuhi. Siku tano za vidonge vya steroidi na, inapohitajika, viuavijasumu huweza kumvusha. Mazoezi ndiyo huwashangaza wengi. Mzee anayehema huogopa kutembea, misuli hunywea, na misuli dhaifu hudai hewa zaidi. Mjini Kampala, watafiti wa Makerere na wenzao wa Uingereza waliwapa mazoezi ya wiki sita watu walioachiwa mapafu mabovu na TB, nao wakaweza kutembea mbali zaidi. Hawakuhitaji mitambo: kutembea, kuinuka kwenye kiti, kunyanyua uzito mdogo, siku mbili au tatu kwa wiki. Na usiku mgumu, kumpepea mzee usoni kwa kipande cha kadibodi kunapunguza kweli ile hisia ya kukosa hewa. Ngozi ya uso ikipigwa na upepo hutuma habari kwenye ubongo, na ubongo hutulia.

Jambo linalobaki gumu kuliko yote ni jiko. Bibi ataambiwa apike kwa gesi, naye atasema gesi ni ya chai. Githeri na maharagwe huchukua saa nyingi, na mtungi ungeisha kabla ya wiki kwisha. Anasema kweli, na mhudumu asiyeukubali ukweli huo atakuwa anampigia mbuzi gitaa. Zipo njia za katikati. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi. Githeri iliyokwisha kuchemshwa huuzwa kwa kipimo karibu kila kona. Jiko la makaa huwashwa nje na kungojwa hadi moshi uishe, japo makaa mekundu bado hutoa hewa ya sumu isiyoonekana na hayafai kuingizwa ndani kuota moto wakati wa Julai. Na mjukuu wa miaka ishirini, awe mvulana au msichana, anaweza kuinama penye moto kwa niaba ya shosho, mradi naye apikie nje penye upepo, kwa sababu mapafu yake nayo yanahesabu.

Mwezi mmoja baadaye bibi hurudi kliniki. Kabla ya kuongeza dawa, kabla ya kubadilisha chochote, daktari anayeijua kazi yake humpa inhela na chupa na kumwambia: "Shosho, hebu nionyeshe vile unaitumia." Kisha humuuliza kuhusu ile njia ya kutoka steji hadi nyumbani, na anasimama kusalimu watu wangapi.